Mashine ya gemu sebuleni: Baba anaitaka, mama anapiga hesabu

Jumapili moja jioni, mwezi Novemba, baba wa familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, alirudi nyumbani akiwa na futikamba na kipande cha chaki. Akasogeza makochi, akapima sakafu ya sebule kuanzia chini ya dirisha, kisha akapiga magoti na kuchora mstatili mkubwa juu ya vigae. Mkewe alikuwa jikoni anapeta mchele. Alitoka na ungo mkononi, akasimama kwenye ukingo wa ule mstari.

"Baba watoto, hapo anazikwa nani?"

"Hazikwi mtu," mume akajibu bila kuinua uso. "Hapo itakaa mashine."

Ndivyo ulivyoanza mjadala uliochukua karibu mwezi mzima katika nyumba ile. Majina ya wenyewe yamehifadhiwa kwa sababu kijana wao bado yuko shule, na kwa sababu nyingine itakayoonekana mbele.

Mashine yenyewe ilikuwa ya gemu ya mbio za magari, ile inayoitwa Daytona USA, iliyotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1994. Waliobahatika kuingia kwenye kumbi za michezo miaka ile wanaikumbuka: unakaa kwenye kiti kama cha gari, unashika usukani unaotingishika unapogonga ukuta, chini kuna pedali, pembeni gia. Hii ilikuwa ya watu wawili, viti viwili na skrini mbili bega kwa bega, ili mtu na mwenzake waweze kukimbizana kwenye barabara moja. Ilikuwa imekaa miaka mingi katika ukumbi wa michezo ya watoto ndani ya jengo moja la maduka mjini. Sasa ukumbi ulikuwa unafungwa, mwenye mali anauza kila kitu, na bei aliyoitaja ni Sh2.5 milioni.

Mume alikuwa na Sh1.6 milioni alizozikusanya kidogo kidogo kutokana na duka lake la vipuri vya magari. Sh900,000 zilizobaki alitaka zitoke kwenye mgao wa kikoba cha mkewe, ambao hutolewa Desemba. Mwenye ukumbi alikubali kusubiri. Ambaye hakuwa tayari ni mke. Mgao ule ulishapangiwa kazi tangu Februari: simtanki la lita 2,000 na mnara wake, kwa kuwa mtaani kwao maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, na mara nyingine yanatoka saa tisa usiku.

Ni rahisi kulicheka jambo hili. Mwanamume wa miaka 43, mwenye watoto watatu, anataka kuweka sebuleni dude linalojaza nusu ya chumba wakati nyumba haina tangi la maji. Lakini alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa imelala chumba cha pili, imefunga mlango.

Kijana wao mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Agosti mama yake alikuwa anafua, akakuta sarafu kumi na nne za Sh200 kwenye mfuko wa bukta. Mtoto wa nauli na chakula cha mchana hatembei na sarafu kumi na nne za aina moja. Baada ya siku mbili dereva mmoja wa kirikuu alimwambia mama kwa upole kwamba kijana wake anaonekana nyuma ya kibanda fulani, kwenye dubwi.

Dubwi, kwa asiyelijua, ni zile mashine za kubahatisha zinazowekwa kwenye vibanda vya mitaani. Unatumbukiza sarafu, unachagua picha, taa zinazunguka. Zikisimama kwenye picha yako unalipwa, zikisimama kwingine imekwenda. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Lakini mtoto akiingia nyuma ya kibanda saa nane mchana na sare yake ya shule, sheria iko mbali.

Mama alipokwenda kwenye mkoba wake akakuta pengo la Sh85,000. Na hazikuwa zake. Yeye ni mweka hazina wa kikoba. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, hivyo hakuna mtoto awezaye kuligusa. Lakini wanachama wawili waliokuwa na msiba walimpa hisa zao nyumbani, na hela ililala kwenye mkoba ikisubiri kikao cha Jumamosi. Alizirudisha kutoka kwenye akiba yake ya vitenge kabla kikao hakijaanza. Wanawake wenzake 24 hawajui mpaka leo, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuhifadhi majina.

Baba alimchapa kijana siku ile kwa mkanda. Jambo hilo bado linamkaa vibaya, ingawa halisemi. Tangu hapo kijana akitoka shule anatoa shikamoo, anachukua sahani yake, anaingia chumbani. Hasumbui wala hajibu vibaya. Ukimya wake ndio uliokuwa unamkosesha baba usingizi, mpaka siku alipopita kwenye lile jengo la maduka, akaona tangazo la kuuza, na wazo likamjia zima zima: kama mtoto anapenda mashine, apewe mashine nyumbani. Atatoka chumbani. Atacheza na wadogo zake, na wenzake wa mtaani watakuja yeye akiwa anawaona. Viti ni viwili, hata yeye baba atapata pa kukaa.

Mke hakukataa. Aliuliza maswali, na katika nyumba nyingi hilo ni gumu zaidi kulijibu kuliko kukataliwa.

La kwanza lilikuwa umeme. Nyumba yao iko kwenye kundi la wateja wadogo wa Tanesco, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja wanainunua kwa bei ya chini sana kuliko wengine. Kubaki chini ya 75 katika nyumba yenye friji, televisheni na pasi kunahitaji ulinzi, na mlinzi ni yeye. Anajua friji inakula kiasi gani. Anajua nani amepiga pasi shati moja moja badala ya kusubiri nguo za wiki nzima. Fundi televisheni wa mtaani alimkadiria kwamba mashine ya skrini mbili, taa na spika zake inaweza kula nusu uniti kwa saa. Saa mbili kila siku ni uniti moja, kwa mwezi ni 30. "Tumeshatoka kwenye 75," alisema, "na tukishatoka, hata ile friji inaanza kulipiwa bei ya watu wengine."

La pili lilikuwa mlango. Wa mbele una upana wa sentimita 90, lakini geti la chuma la mbele yake linafunguka upande mmoja tu. Mume alisema viti vinafunguliwa bolti na kutenganishwa na makabati ya skrini. Mke akauliza ni nani atakayeyainua makabati, kwa sababu yeye mgongo anao mmoja.

Siku nne zikapita watu wakizunguka mstari wa chaki kana kwamba mashine imeshafika. Mtoto wa mwisho, wa miaka sita, ndiye pekee aliyekuwa anaingia ndani yake. Aligawa mstatili kwa chaki nyingine na kuanza kurukia kwa mguu mmoja.

Jumamosi wakaenda kuiona, wote: baba, mama, fundi televisheni, na kijana ambaye hakuambiwa wanakwenda wapi mpaka walipofika. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Magari ya kugongana yalishaondoka, sakafuni zimebaki alama zake. Mashine ilisimama ukutani peke yake, ndefu kumpita baba, makabati yake ya buluu yamechubuka pembeni kwa viatu vya watoto wa miaka mingi.

"Karibu, shemeji," mwenye ukumbi alimwambia mama, akijua pale wa kuridhishwa ni nani. Akawasha.

Skrini ya kushoto ilikuwa safi. Ya kulia rangi nyekundu ilikuwa imekufa, kwa hiyo barabara, anga na magari yote yalikuwa na sura ya mtu anayeumwa. Fundi akaomba kufungua nyuma. Alimulika kwa tochi ya simu muda mrefu, akagusa waya kwa ncha ya bisibisi, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

Aliyoyasema fundi yanafaa kusikilizwa na yeyote anayefikiria kununua mashine kuukuu ya aina hii. Mashine ile ilitengenezwa kwa umeme wa volti 110, na chini yake kuna transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230. "Siku mtu akiiruka transfoma akachomeka moja kwa moja ukutani," alisema, "mtakuwa mmenunua kabati la nguo." Skrini zake ni za chogo, kama televisheni za zamani, na chogo hubaki na umeme mkali ndani yake hata baada ya kuchomolewa, hivyo nyumba yenye watoto ni lazima nyuma pafungwe kwa kufuli. Vioo vya chogo havitengenezwi tena kama zamani. Kikifa unatafuta cha televisheni kuukuu kinachoendana, au unabadilisha na kuweka skrini bapa. Hayo yote anayaweza. Asichokiweza ni bodi kubwa iliyobeba gemu lenyewe. "Hiyo ikilala, mzee, mimi sina pa kuigusa."

"Ikilala lini?" mama akauliza.

"Inaweza kudumu miaka kumi. Inaweza kulala mkiwa mnaipakia kwenye Canter."

Wakati fundi anasema hayo baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kulia, chenye skrini mgonjwa. Magoti yake yaligonga usukani. Alivuta gia kwa namna ya mtu aliyewahi kuivuta, na kweli aliwahi: akiwa na miaka 14, sikukuu ya Idd, baada ya kupanga foleni na tokeni moja. Gemu lilimtupa nje kabla ya dakika mbili kwisha. Sasa alimaliza mzunguko wa kwanza akacheka kwa sauti. Mkewe hakumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Kijana alikuwa amesimama, mikono mfukoni. Mama akamwekea tokeni kiganjani na kumwonyesha kiti cha kushoto. Baba alitoka kwenda kuzungumza bei, kijana akacheza peke yake, mama akasimama nyuma ya kiti chake.

Waliocheza gemu hili wanajua kitu kimoja kuhusu barabara ya wanaoanza. Juu yake, karibu na mstari wa kumalizia mzunguko, yamewekwa magurudumu matatu makubwa yanayozunguka, kama yale ya mashine za kasino. Dereva anaweza kuyasimamisha kwa kubonyeza kitufe cha kuanzia, na picha zikilingana anaongezewa muda. Hela hakuna. Mashine hii hailipi kitu. Unachonunua ni dakika na unachoshinda ni dakika. Tofauti yake na dubwi ni kubwa, na baba alikuwa sahihi kwa hilo.

Lakini mama aliona alichokiona. Mzunguko wa kwanza kijana aliendesha vizuri. Mwenye ukumbi akamwelekeza habari ya kitufe. Kuanzia hapo, kila alipokaribia yale magurudumu alipunguza mwendo, shingo ikanyooka, kidole gumba kikakaa juu ya kitufe. Hakutazama tena barabara. Mara mbili aligonga ukuta pale pale. Magari mengine yakampita yote, muda ukamwishia, na hakuonekana kujali. Alikuwa bado anaangalia juu.

Mama hakusema kitu. Mume alirudi na habari kwamba bei imeshuka kuwa Sh2.2 milioni.

Usiku wadogo walipolala, mama alimwita kijana mezani. Baba alikuwepo.

"Mwanangu, leo sikuulizi kwa ugomvi. Kule kwenye dubwi ulikuwa unapenda nini?"

Kijana alikaa kimya muda mrefu, akiviringisha kipande cha ugali kilichopoa.

"Sikuwa napenda, mama. Nilikuwa narudisha."

Akaeleza. Siku ya kwanza alipoteza Sh1,000 ya chakula. Ya pili alikwenda ili airudishe, akapoteza ya nauli, akarudi kwa miguu. Ya tatu alishinda Sh4,000, akaona kumbe inawezekana. Zile za kikoba alizichukua akiwa na hesabu kamili kichwani: atarudisha zote za nyuma, atazirudisha za mkobani kabla mama hajafungua zipu, kisha ataacha. Hakukuwa na raha yoyote katika simulizi yake. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu mzima mwenye madeni.

"Ungeniambia mimi," baba alisema.

Kijana alimtazama, akatazama meza. "Baba, na wewe mkeka ukichanika si unaweka mwingine urudishe?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama anavyouliza mwanafunzi. Baba anabeti kila Jumamosi, kwa simu, mbele ya watu, kama wanaume wengi wa mtaani kwake. Hajawahi kuficha. Mkeka ukichanika kwa timu moja familia nzima inajua kwa jinsi anavyoweka simu mezani. Kwake hiyo ilikuwa burudani ya mtu mzima, na dubwi ni ujinga wa watoto. Hakumjibu kijana. Aliamka akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mbele hadi saa sita.

Kule nje alifungua akaunti yake ya kubeti na kusoma kumbukumbu za tangu Januari, zilizoingia na zilizotoka. Alizijumlisha kwa kikokotoo cha simu mara mbili, kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Alipotoa alizoshinda, zilizokwenda zilikuwa Sh612,000. Alimwonyesha mkewe asubuhi yake, kabla ya chai. Wapo wanaume ambao wasingeonyesha.

Mama aliitazama namba hiyo kwa muda.

"Hapa simtanki limeingia," alisema, "na mnara."

Mwenye ukumbi alipiga simu Jumanne: Sh2 milioni, siku tatu za mwisho. Na hapa ndipo ilipoonekana kwamba jambo halijaisha, kwa sababu baba bado aliitaka. Ile hoja ya kijana ilishaanguka, lakini alikuwa anazunguka sebuleni na simu mkononi, akihesabu mahali pa kupata Sh400,000 bila kugusa kikoba.

"Sema unaitaka wewe," mkewe alimwambia. "Ukisema hivyo tutazungumza. Mtu kutaka kitu si dhambi. Usimtwishe mtoto."

"Naitaka mimi," alisema baada ya kitambo.

"Haya. Sasa tuzungumze."

Wakazungumza, na kwa mara ya kwanza ilikuwa hesabu ya kawaida ya kitu cha anasa: mashine nusu mbovu, bodi isiyo na fundi, uniti 30 kwa mwezi, na mtu mmoja mwenye hamu nayo, ambaye siku za kazi anarudi nyumbani saa mbili usiku. Ilimchukua baba dakika chache tu kujijibu. Mke hakuwahi kusema hapana. Sehemu kubwa ya mwezi ule ilipotea kwa sababu haja ya mtu mmoja ilikuwa imevalishwa nguo za mwingine, na kila swali alilouliza mama lilisikika kama anamnyima mtoto.

Siku ya mwisho ya ukumbi baba alikwenda na kijana wake wakiwa na tokeni kumi. Walikaa viti viwili, wakabadilishana ile skrini isiyo na nyekundu ili kusiwe na malalamiko. Kijana alishinda mara saba. Wiki iliyofuata mashine ilichukuliwa na mtu mwenye baa, ikaondoka kwenye Canter. Haijulikani kama ilifika inawaka.

Simtanki lilifungwa Desemba. Ukimya wa kijana haujaisha, ila siku hizi analia kula chakula chake sebuleni. Akaunti ya kubeti baba alisema ameifunga. Jumamosi ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, ya pili alikwenda saluni kunyoa nywele ambazo hazikuwa zimekua, na hakuna aliyemwuliza matokeo ya mechi. Kabla ya kuifunga alikuta ndani mna salio la Sh3,400, akamwita kijana waamue la kufanya.

"Itoe, baba. Luku imebaki uniti mbili."

Wakanunua. Ujumbe ulipoingia kijana alisimama mlangoni anasoma namba zile ishirini, nne nne, na mama akawa anabonyeza kwenye mita. Alikosea ya kumi na moja, wakaanza upya.